Hivi vyama vya wakaguzi wa nyumba huku Pennsylvania vinamlinda nani hasa??

Wakuu salaam. Naandika nina hasira kwa hiyo nikiruka ruka mnisamehe. Hii ni kwa Waswahili wenzangu mlioko Marekani, hasa huku Pennsylvania, Erie, Lancaster, Philadelphia, na ndugu zetu Wakongo ambao sa hivi wengi ndo wananunua nyumba ya kwanza na hakuna anayewaambia haya mambo.

Mwaka juzi mimi na mama watoto tulipata nyumba hapa Erie, ya mwaka 1926, ya mbao, bei ya watu kama sisi. Dalali akasema kabla ya kumaliza mauzo tafuteni mkaguzi, akatupa majina matatu. Nikamchagua mmoja kwa sababu moja tu, kwenye gari, kwenye shati, mpaka kwenye kofia kaweka beji ya chama cha kitaifa cha wakaguzi. Nikasema huyu ana wenyewe, akizingua najua pa kwenda kushtaki. Nikatoa dola 450.

Alikuja Aprili, akakaa masaa mawili na nusu, kesho yake ripoti ikaja kwenye imeli, kurasa 52. Aisee ile ripoti. Picha ya kitasa kilicholegea, picha ya koki ya jikoni inadondosha, picha nne za paa kazipiga akiwa kasimama barabarani. Halafu ukurasa wa 37 huko, maandishi madogo: juu ya dari hakukukaguliwa, mlango umezibwa na vitu vya mwenye nyumba. Vitu gani? Picha ipo. Mabegi mawili ya safari na boksi la mti wa Krismasi ndani ya kabati la chumba cha mtoto. Mabegi mawili jamani! Mwanangu wa miaka tisa anayatoa kwa mkono mmoja huku anakula biskuti. Na mimi nakiri, ule ukurasa sikuusoma, niliishia kwenye muhtasari wa mbele nikasaini.

Januari, theluji ya Ziwa Erie mnaijua haina utani, nikaita fundi umeme aniwekee feni ya bafuni. Kapanda darini, dakika tano kashuka, hasemi kitu, kaenda moja kwa moja kuzima swichi kubwa ya nyumba nzima ndo akaniambia panda uone mwenyewe. Nikapanda na tochi. Nyaya za kizamani zile, waya mmoja mmoja umepitishwa kwenye vishikizo vya kauri kama vikombe vidogo, walikuwa wanafunga hivyo kabla ya vita vya pili vya dunia. Na zilikuwa na umeme. Na kuna mtu kazifukia na sufi ya kuzuia baridi, wakati hizo nyaya zinategemea hewa zipoe. Sehemu moja, juu kabisa ya kitanda cha mtoto, fundi kagusa gamba la waya kwa ncha ya bisibisi, likapukutika kama ganda la karanga. Makadirio ya kubadilisha, dola 13,800. Kampuni ya bima waliposikia wakasema toeni hizo nyaya la sivyo bima tunaifuta.

Sasa najua kuna mtu ataandika hapa "si ungeenda serikalini". Serikali ipi mkuu? Ng'ambo ya mpaka tu New York mkaguzi wa nyumba anapewa leseni na jimbo, New Jersey vile vile. Sisi huku tuna sheria ya mwaka 2000 inayosema mkaguzi awe mwanachama kamili wa chama cha kitaifa kisicho cha faida, chenye wanachama majimbo zaidi ya 10, na huyo mwanachama awe amefaulu mtihani na amefanya au KUSHIRIKI kaguzi zaidi ya 100. Hilo neno kushiriki liangalieni vizuri. Kushika ngazi si ndo kushiriki? Yaani jimbo limekaa pembeni, chama ndo mlango, chama ndo bawabu, na ada ya bawabu analipa huyo huyo anayetakiwa kuchungwa.

Nikaenda huko kwenye chama basi, sitakitaja. Februari nikatuma malalamiko, picha zote, ripoti, barua ya fundi. Wiki tatu kimya. Machi wakajibu tumepokea, tunapeleka kamati ya maadili. Kamati ni kina nani? Wakaguzi! Kesi ya ngedere hakimu nyani. Aprili wakasema tunasubiri maelezo ya mwanachama. Mei ndo jibu likaja, aya mbili tu: mwanachama wetu alifuata viwango vya chama, viwango havimlazimishi kusogeza vitu vya mtu, na chama hakishughuliki na madai ya fedha. Viwango vyenyewe wameandika wenyewe, wamejipima wenyewe, wamefaulu.

Haya, nikasema niende kwa wakili. Kanisikiliza vizuri, kaangalia tarehe ya ripoti, kaweka kalamu chini. Sheria ile ile inampa mnunuzi mwaka mmoja tu wa kufungua kesi tangu akabidhiwe ripoti. Mwaka uliisha Aprili. Miezi yote ile napigwa danadana na kamati, muda unakatika, na hakuna hata mmoja wao aliyeniandikia mstari mmoja kwamba bwana, kulalamika kwetu hakusimamishi siku zako. Na kinachoniuma zaidi, sheria inamlazimisha mkaguzi awe na bima isiyopungua dola 100,000 kwa tukio. Kwa hiyo pa kudai palikuwepo! Nilikaa nasubiri imeli tu.

Sisemi wakaguzi wote ni makanjanja. Mkaguzi wa jamaa yangu wa Lancaster alitambaa chini ya nyumba akatoka na matope mpaka masikioni. Na viwango vya ASHI, chama cha wakaguzi kilichopo tangu 1976, na vya InterNACHI, chama kingine cha wakaguzi, vyote viko wazi mtandaoni, bure, vimeandika kabisa kwamba mtu anakagua kinachoonekana na kufikika, basi. Ila nani anasoma hiyo kabla ya kulipa? Sisi tunaona beji.

Nyongeza: mnaosema "ungepanda mwenyewe" nimewasikia, sasa hiyo 450 ilikuwa ya nini, ya kunishikia tochi?

Nyongeza ya pili: nyaya zimeshatolewa, deni la kadi lipo. Jana napita mtaa wa nyuma nikaona lile gari limepaki nje ya nyumba yenye kibao cha kuuzwa, beji ile ile, dalali yule yule, na baba mmoja Mkongo na mkewe wamesimama uani wanasubiri. Nikasimamisha gari. Nikamwambia kaka, akitoka humo ndani muulize darini kapanda saa ngapi.