Kidonge cha kukata hamu ya kula kinaninyima usingizi: nipunguze dozi au nihamie sindano?

Habari wakuu. Niko kwenye fentamini 37.5 mg kwa siku, wiki ya 2 sasa. Njaa imekata, ila usingizi hakuna, mdomo mkavu, moyo unaenda mbio. Nameza saa 8 mchana. Nipunguze, au niombe sindano ya semaglutaidi?

Mfamasia_K: Mkuu, anza na hiyo saa. Fentamini ni jamaa ya amfetamini: inaamsha noradrenalini, kemikali ile ile inayouandaa mwili kukimbia hatari. Njaa hukatika kwa sababu hiyo, na moyo hudunda kwa sababu hiyo hiyo. Ukimeza mchana, usiku bado imo kwenye damu. Meza asubuhi, punguza kahawa, na muulize daktari kuhusu nusu kidonge. Wapo wengi inaowatosha.

Kisha pima presha na mapigo kila siku, ukiwa umekaa umetulia dakika 5. Mapigo yakizidi 100 mara kwa mara, au presha ikifika 140/90, mrudie daktari. Kifua kikiuma, miguu ikivimba, au ukihema kwa kazi ambayo zamani hukuhema, usimeze tena na nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nesi_Mwandamizi: Daktari anajua kama una ugonjwa wa moyo, glakoma (presha ya macho) au tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi? Mwenye hayo hapewi fentamini kabisa, wala mjamzito.

Dozi_kwa_Dozi: Semaglutaidi haikimbizi usingizi hivyo, lakini tumbo litasumbua. Inaiga homoni ya utumbo, GLP-1, na chakula hukawia kutoka tumboni. Ndiyo maana dozi hupanda ngazi: 0.25 mg mara moja kwa wiki kwa wiki 4, halafu 0.5, 1, 1.7, hadi 2.4. Wanaotapika sana mara nyingi wameruka ngazi au wanakula sahani ile ile ya zamani. Kula kidogo, punguza mafuta, acha mara tu unapohisi kushiba. Kichefuchefu kikizidi, muulize daktari ubaki kwenye ngazi uliyopo. Maumivu makali ya juu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni ni dalili ya kongosho kuvimba. Hayo hayasubiri kesho.

Mfamasia_K: Nyongeza: usichanganye na vidonge vya "mitishamba" vya kupunguza uzito. Vingi vimekutwa na sibutramini, dawa ya kukata hamu ya kula iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Juu ya fentamini, moyo unabebeshwa mizigo miwili.