Kila supavaiza na sheria zake: tunalifikishaje kwa uongozi bila kuonekana wachochezi?

Sanduku_la_Sita
Wakuu salaam. Ghala la bidhaa za madukani, Dar es Salaam, watu kama 60, zamu mbili. Kitabu cha taratibu kipo na kila mtu kasaini, ila kinachofuatwa ni matakwa ya supavaiza aliyeingia siku hiyo. Asubuhi ukichelewa dakika 20 unaambiwa "kesho wahi". Zamu ya mchana, dakika hizo hizo, unakatwa nusu siku. Simu nayo: huku ni barua ya onyo, kule watu wanajibu meseji wakiwa juu ya foklifti. Ovataimu ndiyo kabisa. Wengine inaingia kwenye mshahara, wengine wanaambiwa "utapumzika siku nyingine" na siku hiyo haifiki.

Tunataka kulipeleka kwa meneja. Tuanze kwa mdomo au kwa barua? Aende mmoja au wote? Na tuandike nini tusije tukaambiwa tunaandaa mgomo?

Mama_Utumishi
Mkuu, kwanza tenganisha. Umetia matatu kwenye kapu moja na kila moja lina mlango wake. Kuchelewa ni nidhamu. Ovataimu ni deni la mshahara. Simu juu ya foklifti ni usalama, na hapo msiombe usawa wala nini, ombeni ikatazwe zamu zote mbili kuanzia leo. Mkichanganya, meneja atajibu lile jepesi na mengine mawili yatalala.

Pili, daftari. Wiki tatu zinatosha. Kila tukio mstari mmoja: tarehe, zamu, saa, kanuni iliyohusika (ukurasa wa kitabu kama upo), hatua iliyochukuliwa. Andika siku hiyo hiyo, si mwisho wa wiki kwa kukumbuka. Hati zako za mshahara weka pamoja. Lakini msipige picha rejesta ya supavaiza wala orodha ya mishahara ya wengine. Hizo ni nyaraka za mwajiri, na mlalamikaji anaweza kujikuta yeye ndiye mtuhumiwa.

Kinachoua malalamiko ya aina hii mara nyingi ni kutaja majina ya waliosamehewa. "Mbona fulani hakukatwa?" Meneja anamwita fulani, anampa onyo, anasema haya sasa mko sawa. Mmempoteza mwenzenu na kanuni imebaki vilevile. Andika "zamu ya asubuhi, tarehe fulani, kuchelewa dakika 20, hakuna hatua". Inatosha.

Na mjue mnaomba nini. Mkilalamikia upendeleo tu, dawa rahisi kwa uongozi ni kuwabana wote. Nendeni na pendekezo mkononi: kwa mfano dakika 10 za msamaha, zikizidi muda halisi ndio usilipwe, mara ya tatu ndani ya mwezi barua ya onyo. Msipopendekeza ninyi, atakayeandika rasimu ni yule supavaiza wa mchana.

Fomu_Namba_Moja
Naongezea upande wa sheria, kwa sababu hapa mna nguvu kuliko mnavyodhani.

Kanuni za utendaji bora, Tangazo la Serikali Namba 42 la mwaka 2007, kanuni ya 12, zinataja mambo ya kupimwa mtu anapoachishwa kwa utovu wa nidhamu: je, kanuni ilivunjwa, ni ya busara, inaeleweka, mfanyakazi aliijua, na mwajiri amekuwa akiitumia kwa namna moja kwa wote. Hilo la mwisho ndilo lenu. Mwajiri anayemsamehe mmoja leo na kumfukuza mwingine kesho kwa kosa lile lile anajidhoofishia kesi yake mwenyewe mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Meneja mwenye akili akilisikia hili anaona hasara yake, haoni tena manung'uniko yenu.

Nusu siku sasa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inabana makato ya mshahara: yawe yameruhusiwa na sheria, mkataba wa pamoja, amri ya mahakama au tuzo, au mfanyakazi akubali kwa maandishi kwa deni. Faini ya kuchelewa haimo. Kutolipwa muda ambao hukufanya kazi ni jambo jingine, ila huo ni muda halisi. Pigeni hesabu. Mshahara wa mwezi gawanya kwa 4.333 upate wa wiki, kisha gawanya kwa saa 45 za kazi kwa wiki. Mwenye 390,000 saa yake ni kama 2,000. Dakika 20 ni shilingi 667 hivi. Nusu siku ya saa nne na nusu ni 9,000. Hiyo 8,300 na ushee inayobaki ni adhabu, na supavaiza aonyeshe inatoka kifungu gani.

Ovataimu hulipwa mara moja na nusu, kwa hiyo huyo wa 390,000 ni 3,000 kwa saa, na haizidi saa 50 katika wiki nne. Iwe kwa makubaliano. Kila aliyeahidiwa "siku nyingine" aorodheshe tarehe na saa, ajumlishe, apate kiasi cha shilingi. Deni lisilo na kiasi halilipwi.

Angalieni kalenda pia. Mgogoro usiohusu kuachishwa kazi una siku 60 kufikishwa CMA, wa kuachishwa siku 30. Mazungumzo ya ndani msiyahesabu kuwa yanasimamisha siku hizo. Mkipitwa, mtaomba kuongezewa muda, na sababu lazima ziwe nzito.

Mwenyekiti_Mstaafu
Nakubaliana na hesabu za mdau hapo juu, ila barua ya kwanza isianze na vifungu. Meneja akiona "kifungu cha 28" kwenye mstari wa kwanza hajibu yeye, anaipeleka kwa wakili, na hapo hamzungumzi tena. Sheria iwe mfukoni. Itoke kwenye barua ya pili.

Kama mna tawi la TUICO (chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara) hapo kazini, mpeni mwakilishi wa tawi. Kusemea wanachama kwenye malalamiko ni kazi yake, na hakuna wa kumwita mchochezi kwa kuifanya. Kama hakuna tawi, chagueni wawili, mmoja kila zamu. Asiende mmoja peke yake, ataonekana mtu mwenye tatizo. Msiende kumi na tano mlangoni saa za kazi, hapo mmeacha kazi, na kusimamisha kazi hata kwa sehemu ili kumshinikiza mwajiri ndio tafsiri ya mgomo kwenye sheria. Ombeni miadi ya dakika 30, nje ya saa za kupakia magari na mbali na tarehe za kufunga mahesabu.

Supavaiza aambiwe kabla. Najua wengi hawapendi, lakini akirukwa atageuza suala liwe la utovu wa heshima. Sentensi moja inatosha: "Bosi, tunaomba kanuni ya kuchelewa iwe moja kwa zamu zote, tunaipeleka kwa meneja, tumeona uijue mapema."

Barua iwe ukurasa mmoja:

"Yah: Ombi la ufafanuzi wa kanuni ya muda wa kuingia kazini na malipo ya saa za ziada. Kati ya tarehe … na … kanuni ya kuchelewa imetumika kwa namna mbili tofauti, kama jedwali lililoambatishwa linavyoonyesha. Tunaomba (1) kanuni moja ya maandishi kwa zamu zote, (2) marejesho ya makato yaliyozidi muda halisi, (3) ratiba ya kulipa saa za ziada zilizoorodheshwa. Tunapendekeza kikao kabla ya tarehe …"

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na ibaki kwenu. Barua isiyo na muhuri ni maneno tu.

Pwani_Mbili
Kwa wasomaji wa Kenya, vifungu ni vingine. Employment Act ya 2007, kifungu cha 12, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi aandike kanuni za nidhamu na amtaje mtu wa kupelekewa malalamiko. Anza kwa kumuuliza HR huyo mtu ni nani. Kifungu cha 19 nacho kinaruhusu kukata mshahara wa siku kwa siku nzima uliyokosa kazini bila ruhusa. Dakika 20 si siku nzima.

Sanduku_la_Sita
Asanteni sana wakuu. Na kama kikao kikifanyika halafu jibu likawa "nitaliangalia"?

Mama_Utumishi
Msitoke bila tarehe. Muulize palepale, "Tukufuate lini, Ijumaa hii au ijayo?" Jioni hiyo mtumie ujumbe kwa barua pepe au WhatsApp: "Kama tulivyozungumza leo, umesema utatoa kanuni ya maandishi kufikia tarehe fulani. Kama nimeelewa vibaya naomba unisahihishe." Asiposahihisha, hiyo ndiyo kumbukumbu ya kikao. Tarehe ikipita, subiri siku tatu za kazi, kisha barua ya pili kwa bosi wake, nakala kwa yeye mwenyewe.

Fomu_Namba_Moja
Na hiyo ya pili ndiyo ya kuweka vifungu. Ikinyamaziwa nayo, mjaze CMA F1 (fomu ya kufikisha mgogoro kwenye Tume), mwajiri apewe nakala kwanza na asaini kuipokea, kisha muipeleke ofisi ya Tume. Ovataimu na makato tu ndiyo yaende huko. Ya simu mpelekeeni mwakilishi wa usalama hapo ghalani wiki hii, msingoje haya mengine yaishe.