MREJESHO: Mikono ya mama, Newala

Wakuu, niliuliza kama picha ya simu inamtosha bingwa wa ngozi aliyeko Moshi kujua vidonda vya mikono ya mama ni nini, maana mama yuko Newala na nauli ya Moshi si mchezo.

Inatosha, ila ya kwanza ilirudishwa: flashi iling'arisha kila kitu. Tabibu wa kituo cha afya akamsogeza mama dirishani, akaweka rula kando ya kidonda, akapiga ya mbali na ya karibu. Siku ya tatu jibu likaja: si fangasi, ni maji ya ganda la korosho, yanaunguza ngozi. Miaka yote anabangua mikono mitupu, na hakuna aliyemuuliza (hata mimi!).

Krimu ya fangasi tumeacha. Anavaa glavu, japo analalamika zinamchelewesha. Viganja vimelainika, vidole viwili bado vinapasuka.