Ripoti ya mgonjwa mmoja ina uzito gani katika magonjwa adimu ya watoto?

Mwanafunzi wa udaktari: Ndugu zangu, tunafundishwa kwamba ripoti ya mgonjwa mmoja ni ushahidi dhaifu. Kwa nini basi majarida ya magonjwa ya ngozi na ya watoto yanaendelea kuchapisha ripoti za namna hiyo?

Daktari wa watoto: Ni dhaifu katika kuthibitisha tiba, si katika kuutambua ugonjwa. Mwaka 1961, nchini Japani, Dkt. Tomisaku Kawasaki alimhudumia mtoto wa miaka 4 mwenye homa isiyokoma, macho mekundu, midomo iliyopasuka na vipele, dalili ambazo kwa pamoja hazikulingana na ugonjwa wowote alioujua. Aliendelea kukusanya visa hadi mwaka 1967, alipochapisha taarifa za watoto 50. Baadaye ilifahamika kwamba ugonjwa huo, ambao sasa huitwa ugonjwa wa Kawasaki, huweza kutanua mishipa inayolisha moyo, na leo mtoto hupewa imunoglobulini (kingamwili zinazotokana na damu ya wachangiaji) kupitia mshipa, ikiwezekana ndani ya siku 10 tangu homa ianze.

Mtaalamu wa ngozi: Naafiki, ila ripoti nyingi husema “vipele” na kuishia hapo. Mwandishi aeleze rangi, umbo na mahali vilipoanzia, kwa kuwa kwenye ngozi nyeusi wekundu hufichika na huweza kuonekana kama zambarau au kahawia.

Muuguzi: Naongeza kuwa ridhaa ya mzazi ni ya lazima kabla ya kuchapisha ripoti, kwani kuziba macho ya mtoto pichani hakutoshi kumficha.