Begi jipya la Neema

Neema: Shikamooni wakubwa. Wengine habari za jioni. Begi langu limeniaibisha leo, naomba mnisaidie mawazo.

Neema: [picha]

Shangazi Tabu: Marahaba mwanangu. Pole jamani! Limechanika au ni zipu?

Neema: Zipu, Shangazi. Nimesimama uwanja wa ndege, pale mizigo inapozunguka, naliona linakuja mdomo wazi, mkono wa shati la kazini unaburuzika kwenye raba. Nikaanza kuokota nguo moja moja huku mkanda unatembea. Mama mmoja nisiyemjua akaja kunishikia upande wa pili.

Baraka: Pole sana mdogo wangu. Kuna kilichopotea?

Neema: Chaja ya kompyuta na kiatu cha mguu mmoja. Begi lenyewe halijamaliza mwaka, kaka. Na kuanzia mwezi ujao nitakuwa safarini kila baada ya wiki mbili. Ndege, kisha basi, kisha pikipiki hadi kwenye mashine za kazini. Nataka begi moja tu, linidumu.

Baraka: Basi nunua lile gumu la magurudumu. Unavuta tu.

Mama: Hata mimi nasema la magurudumu. Bega lake la kulia linamsumbua huyu tangu shuleni.

Neema: Mama, magurudumu yanafaa kwenye sakafu. Ninakoshukia ni kokoto, na mvua ikinyesha ni matope. Lile la Baraka nililoazima niliishia kulibeba kichwani.

Shangazi Tabu: Wifi, mimi naungana na Neema. Matairi na ule mpini wa kuvuta vina uzito wake. Begi dogo la matairi likiwa tupu ni kilo 2 na nusu, mengine yanafika 3 na kupita. La kitambaa la lita 40 ni kama kilo 1. Na ndege nyingi zinakuruhusu kilo 7 tu kuingia nazo ndani. Ukishatoa 3 za begi tupu, umebaki na nini?

Shangazi Tabu: Bega lisikutie hofu. Achukue lenye mikanda miwili ya kuvaa mgongoni, siyo ule mmoja wa kupitisha shingoni. Mimi nimebadilisha hivyo miaka mitatu sasa, na maumivu ya shingo yamekwisha. Ila mikanda hiyo iwe ya kuchomoa au kuficha, isije ikanasa kwenye mitambo ya mizigo.

Mjomba Elia: Nimefunga kazi sasa hivi ndiyo nasoma. Pole mpwa wangu. Nipigie picha ya zipu kwa karibu kabisa, kile kichwa kinachokimbia, mbele na nyuma.

Neema: [picha]
[picha]

Mjomba Elia: Meno mazima. Kilichokwisha ni kichwa. Vumbi likiingia mle ndani linafanya kazi kama msasa, kuta zake zinalika, nafasi inapanuka. Kikipita juu ya meno hakiyabani tena vya kutosha. Ndiyo maana unaona umefunga, halafu inaachia nyuma yake. Usilitupe, nitaliwekea kichwa kingine. Kuna watu hukibana kwa koleo kikashika tena, lakini hiyo ni ya kukufikisha nyumbani tu.

Mjomba Elia: Angalia nyuma ya hicho kichwa, pameandikwa namba gani?

Neema: 5

Mjomba Elia: Basi walikuonea toka mwanzo. Namba 5 ni ya mfuko wa pembeni. Mdomo mkubwa wa begi la safari unataka namba 8, na ikiwa 10 ndiyo raha. Namba hiyo ni takriban upana wa meno yakiwa yamefungwa, kwa milimita.

Baraka: Mjomba, mimi huwa naangalia kitambaa. Nikikamata kikawa kizito najua hapa pana begi.

Mjomba Elia: Wateja wangu karibu wote hufanya hivyo Baraka, na ndipo wanapokosea. Tangu nianze kushona mabegi, yaliyoletwa yamechanika katikati ya kitambaa ni machache mno. Begi linafia kwenye maungio. Zipu, pale mkanda uliposhikiziwa, na zile pembe za chini zinazoburuzwa. Kitambaa kinakuwa bado kipya kabisa, na begi halibebeki.

Mjomba Elia: Kwa hiyo Neema, ukifika dukani ligeuze ndani nje kabla hujaangalia kitu kingine. Muuzaji akikunja uso mwache. Fuata mshono kwa kidole. Ukingo wa kitambaa uwe umefunikwa kwa utepe. Ukiona nyuzi zinachungulia, hizo zitaendelea kutoka kila ukilishindilia, mpaka mshono ukose cha kushika.

Mjomba Elia: Halafu mikanda. Fuata mkanda wa mkononi unakwenda wapi. Ukishuka ubavuni, ukapita chini ya kitako, ukapanda upande wa pili, hilo begi limekaa juu ya mkanda kama mtoto kwenye mbeleko. Uzito hauvuti kitambaa. Lakini ukiwa umeshonewa pale juu tu, kila kilo unayoweka inaning'inia kwenye nyuzi chache.

Neema: Naandika yote Mjomba 🙏🏾

Mjomba Elia: Na pale unaposhonewa utafute kisanduku chenye alama ya X ndani yake, au mistari mifupi ya uzi uliosongamana, unarudi juu yake mara nyingi. Mshono mmoja ulionyooka haushiki mzigo, hata uzi uwe mzuri vipi.

Baraka: Mtandaoni wanaandika 600D, 1000D, 1680D. Nimekuwa nikichagua namba kubwa. Nayo nilikosea?

Mjomba Elia: Nusu umepatia. Hiyo D ni denia, uzito wa uzi. Chukua uzi wenye urefu wa mita 9,000 uupime. Ukiwa gramu 1,000, huo ni 1000D. Kwa hiyo inakwambia unene wa uzi, haikwambii umetengenezwa kwa nini. Nailoni inavumilia kusuguliwa kuliko poliesta ya unene uleule. Ukiona 1680D, soma neno linalofuata. Mara nyingi ni poliesta, na nailoni ya 1000D inaweza kuipita kwa kudumu.

Zawadi: Shikamooni. Niongezee hapo, maana nimesomea nguo na vitambaa. Ile inayoitwa nailoni ya balistiki ilianzia Vita Kuu ya Pili, ilikuwa ya fulana za kuwakinga marubani na vipande vya mabomu. Ya asili ni ya denia 1050, nyuzi mbilimbili zinapishana kama mkeka. Risasi za leo haizuii, lakini kwa kuburuzwa sakafuni ni ngumu kweli. Ila nailoni haipendi jua. Begi likikaa juu ya keria ya basi kutwa, miaka nenda rudi, poliesta inastahimili jua vizuri zaidi.

Shangazi Tabu: Marahaba Zawadi. Na ile ngozi ya ndani inayobanduka? Nilifungua begi langu lililokaa kabatini, vipande vyeusi vikanata kwenye nguo zote, na harufu kama ya mafuta yaliyochacha.

Zawadi: Hiyo ni rangi ya poliyurethani wanayoipaka ndani ili kuzuia maji. Unyevunyevu wa hewani unaivunja taratibu, kwanza inanata, kisha inabanduka. Inaharibika hata kama hulitumii, na likihifadhiwa lina unyevu ndiyo upesi zaidi. Ukitoka safari lianike kivulini hadi likauke ndipo ulifungie. Na begi likinuka hivyo dukani, ujue limekaa sana stoo.

Mama: Bibi yenu yupo hapa ananisikiliza nikisoma. Anasema mbona hamtaji turubai. Lile lake la kahawia mnalijua, analo tangu kabla Baraka hajazaliwa.

Mjomba Elia: Mwambie Mama ninalijua vizuri, nimelibadilisha zipu mara mbili na vishikio mara moja! Turubai ya pamba inashonekana vizuri kuliko vitambaa vyote, sindano inapita na tundu linajifunga. Ubaya wake ni uzito, na ikilowa inakaa na maji. Kwa safari za Neema za mvua na pikipiki, la. Kwa mtu wa gari, ningempa hilo hilo.

Neema: Mwambieni Bibi shikamoo. Na zipu zile za kuzuia maji, zilizofunikwa kwa raba?

Mjomba Elia: Ngumu kuvuta, na pale zinapokata kona raba inapasuka. Mimi nachukua zipu ya kawaida ya nailoni, ile meno yake yamesokotwa kama springi, yenye ulimi wa kitambaa unaoifunika. Inapinda bila kuvunjika. Zile za meno ya plastiki moja moja, jino likitoka umekwisha. Ukikuta YKK ni nzuri, kampuni ya Wajapani ya tangu 1934, lakini herufi hizo zinaigwa mno. Usiamini herufi. Vuta polepole kwenye kona mara kumi, usikilize. Zipu nzuri haikwami na haina kelele ya mchanga.

Shangazi Tabu: Kabla hujalipa Neema, pima na ukubwa. La kuingia nalo ndani, kwa ndege nyingi, ni sentimita 55 kwa 40 kwa 20 au 23, lakini soma tiketi yako kila mara. La kitambaa lina mtego, ukilijaza linavimba tumbo. Ukiliacha liende chini kwenye mizigo, kawaida ni kilo 23, na urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 158.

Shangazi Tabu: Na chaja, dawa, hati, hivyo visitoke mkononi. Pawabenki ndiyo kabisa hairuhusiwi kwenye mizigo ya chini, ina betri ya lithiamu, ikishika moto huko hakuna anayeiona. Kofuli weka, ila lisikupe usingizi. Zipu inatobolewa kwa ncha ya kalamu, kisha kichwa kikirudishwa inafunga kama haijaguswa.

*Kesho yake*

Neema: Nipo dukani. Yamebaki mawili.
[picha]
[picha]

Baraka: La bluu! Zuri hilo.

Neema: Ndilo nililolipenda kaka. Nimeligeuza ndani, nyuzi zinaning'inia pande zote, na mikanda imeshonewa juu tu. Zipu namba 5 tena. Hili la kijivu halina sura, lakini mkanda unazunguka mpaka chini, kitako kina kitambaa mara mbili, zipu namba 10, mshono una utepe mwanzo mwisho. Lita 40. Nailoni 840D.

Mjomba Elia: Tia mzigo ndani, kisha linyanyue kwa mkanda mmoja tu, ulitingishe. Weka sikio.

Neema: Muuzaji amenipa makopo ya rangi manne. Kimya kabisa Mjomba, hata mlio mmoja wa uzi sijausikia. Akaniuliza mimi ni fundi.

Mjomba Elia: Mwambie mpwa wa fundi. Lichukue.

Mama: Na mgongoni linavalika?

Neema: Linavalika Mama, mikanda ina sponji na inafichika nyuma. Nimetembea nalo hadi mlangoni na makopo yake yote. Bega halijasema kitu.

Shangazi Tabu: Funga utepe mwekundu kwenye kishikio. Ya kijivu ni mengi.

Neema: Nimeshalipa 🙌🏾 Mjomba, lile la zamani nakuletea jioni.

*Usiku*

Mjomba Elia: [picha] Kichwa kipya kimeingia, na mikanda nimeipigia X pande zote nne. Kwa ndege bado silipitishi, zipu ni ileile ndogo. Kwa safari fupi za basi linatosha. Nani analitaka?

Mama: Niwekee mimi, Elia. Na Neema, kile kiatu kilichobaki usikitupe, wamepiga simu kutoka kwenye mizigo iliyopotea.