Naombeni ushauri: Torchwood msimu wa kwanza, nionyeshe episodi zipi?

Mkunazi (mleta mada)
Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada wa haraka, Jumamosi inakaribia na sina amani.

Ninao msimu wa kwanza wa Torchwood, ile tamthilia ya Uingereza ya kikosi cha siri kinachopambana na viumbe wa angani, ule wa 2006, episodi zote 13. Kuna watu niliwaonyesha Doctor Who, ile ya Daktari anayesafiri katika wakati kwa kibanda cha bluu, wakaipenda kupita kiasi, na kila tukikutana wananiuliza mwenzake, Kapteni Jack, aliishia wapi baada ya kuachwa kule kwenye kituo cha angani. Torchwood ndiyo inayomfuata huyo kapteni, ndiyo maana nimeitafuta. Nina nafasi ya episodi tatu kwa kikao kimoja, na nitatafsiri mwenyewe, kipaza sauti mkononi. Je, nianze ya kwanza niende mfululizo, au kuna tatu zinazojitegemea? Zipo za kuruka? Mlioitazama yote nisaidieni.

Kinyozi wa Msamvu
Nimekaa mbele kabisa, wajuzi waje.

Fundi Antena
Anza ya kwanza mkuu, usiumize kichwa. Gwen Cooper ni askari polisi wa kawaida pale Cardiff, huko Wales. Usiku wa mvua anapanda juu ya jengo la maegesho, anachungulia chini, anaona watu wasiojulikana wamezunguka maiti. Mmoja amevaa glavu ya chuma. Anaishika maiti kichwani, maiti inafumbua macho, na wana dakika mbili tu za kuihoji kabla haijafa tena. Gwen anaanza kuwafuatilia, na wewe mtazamaji unajifunza kila kitu pamoja naye.

Ila ukiniuliza mimi, bora ya msimu mzima ni ya kumi. Watu watatu wanaruka na ndege ndogo mwaka 1953, wanatua Cardiff ya sasa. Mmoja ni baba mtu mzima, anamtafuta mwanawe aliyemwacha mdogo. Anamkuta kwenye nyumba ya wazee, mzee aliyepoteza kumbukumbu, hamtambui. Baba ni kijana kuliko mtoto wake! Niliitazama na mke wangu, tukazima runinga tukakaa tu. Mwaka ule nilikuwa sijaenda kwa baba yangu Newala muda mrefu, na kesho yake nilikata tiketi ya basi.

Dada wa Makorora
Mleta mada, umeandika "kuna watu". Watu gani? Nauliza kwa sababu Torchwood ina kapteni yule yule lakini si kipindi cha aina ile.

Shemeji wa Cardiff
Sijibu swali, nachangia tu kwa sababu naishi huku. Ule mnara wa maji unaouona mle upo kweli, mbele ya ukumbi mkubwa wa sanaa pale Cardiff Bay. Maji yanateremka kwenye bamba la chuma juu hadi chini, ukilisogelea unarushiwa manyunyu usoni. Kwenye hadithi ngome ya kikosi cha Torchwood iko chini ya uwanja huo, na kuna jiwe la sakafu linaloshuka nalo kama lifti bila mpita njia yeyote kuwaona. Binamu yangu alikuja kututembelea kutoka Muscat, akasimama juu ya jiwe hilo na baridi ile, anakataa kuondoka mpaka apigwe picha. Karibu na hapo kuna ukuta ambao mashabiki wamebandika barua, picha na maua kwa ajili ya Ianto Jones, mmoja wa kikosi hicho. Sisemi kwa nini.

Kinyozi wa Msamvu
Umeshasema kaka. Mimi hata sijaanza kuitazama, tayari najua nani wa kumwekea sanda.

Mkunazi
Asanteni wote. Fundi, hiyo ya kumi nimeiandika. Dada, ni vijana tu, kikundi ninachokilea.

Dada wa Makorora
Vijana wa umri gani?

Mkunazi
Wa shule.

Dada wa Makorora
Shule gani, kaka yangu? Chuo nacho ni shule.

Mkunazi
Sawa, niseme. Ni watoto wa Utoto Mtakatifu parokiani kwetu, darasa la tano hadi la saba. Naomba msinirukie kabla hamjanisikia.

Doctor Who niliwaonyesha kwenye kompyuta yangu, nikitafsiri, na hakuna mzazi aliyelalamika. Wanacheza Dalek, wale maadui wa Daktari, uwanjani wamevaa ndoo kichwani, wanakimbizana na mwiko wa ugali. Torchwood ni tawi la kipindi hicho hicho, mtunzi ni Russell T Davies yule yule, BBC ile ile. Tangazo limeshasomwa baada ya misa, wazazi wametoa shilingi elfu moja kwa kila mtoto, projekta nimeilipia nusu. Halafu natafsiri mimi. Neno lisilofaa nalipindisha, wale watoto Kiingereza cha Wales hawakipati hata kidogo.

Fundi Antena
Maneno utayapindisha. Picha utazipindisha na nini?

Sasa nafuta niliyosema juu. Episodi ya pili, kitu kutoka angani kinamwingia msichana, na kinaishi kwa nguvu ya tendo la ndoa. Kila mwanamume anayelala naye anabaki vumbi. Ya nne ni mwanamke aliyefichwa chini ya ngome akiwa nusu mashine, na damu yake si ya kuhadithiwa. Ya sita ni kijiji kinachokula watu. Na mwisho wa ile ya kwanza niliyokusifia, Suzie, ambaye kabla kipindi hakijaanza walimtangaza kana kwamba ni mmoja wa wahusika wakuu, ndiye muuaji, na anajipiga risasi mbele ya Gwen.

BBC Three waliirusha kuanzia tarehe 22 Oktoba 2006, usiku, baada ya saa tatu. Huko Uingereza saa tatu ndiyo mpaka wa vipindi vya watu wazima. Doctor Who ilikuwa ya Jumamosi jioni, familia nzima kwenye kochi. Walipofika msimu wa pili mwaka 2008 ndipo wakatoa na nakala zilizokatwa, za kurushwa mapema jioni ili watoto nao watazame. Yaani wenye mali wenyewe waliona haja ya mkasi.

Dada wa Makorora
Mimi kinachonikera kuliko risasi ni yule daktari, Owen, kwenye hiyo hiyo ya kwanza. Anajipulizia dawa ya kutoka sayari nyingine, dada wa watu baa anamfuata bila akili zake. Mpenzi wa dada anakuja na hasira, anapuliziwa naye analainika. Kipindi kinalipitisha kama kichekesho! Mtu aliyepuliziwa kitu hajakubali chochote. Ninalea mabinti wawili, sitaki walicheke hilo wakiwa na miaka 12, tena ukumbi wa kanisa, tena mlezi wao anawatafsiria.

Babu Redio
Wanangu, sisi tulitazama sinema za gari la serikali. Linafika kijijini alasiri, linazunguka likitangaza, usiku wanatundika kitambaa cheupe. Watu wazima wanakaa mbele, sisi watoto tunatupwa upande wa nyuma wa kitambaa, maandishi tunayaona yamegeuka. Hata hivyo yule bwana wa projekta alikuwa amekwisha kuitazama mara nyingi, alijua nini kinakuja. Mlezi anaonja kwanza, ndipo anapakua. Wewe mwalimu, umeionja?

Kimbunga
Hii chai. Nimesoma toka juu nikawa najiuliza, mtu ana msimu mzima mkononi, atatafsiri mwenyewe, halafu anatuuliza sisi kilichomo? Unatafsirije usichokitazama? Na paroko aliruhusu bila kuuliza? Mleta mada anataka komenti tu, na nyinyi mnamwagia.

Kinyozi wa Msamvu
Chai yenyewe ina tangawizi.

Shemeji wa Cardiff
Kimbunga ana hoja. Mbona majibu yalitolewa kwa kuvutwa kama jino? Watu, kisha vijana, kisha wa shule, kisha darasa la tano.

Dada wa Makorora
Aliyetunga hadithi angetuambia watoto mwanzoni kabisa, ndiyo yenye kishindo. Huyu alikuwa anaogopa. Mwacheni ajibu.

Mkunazi
Nimetazama ya kwanza yote, na ya pili dakika za mwanzo, umeme ukakatika. Kimbunga, nikupe ya kwanza? Gwen anaingia ngomeni amebeba maboksi ya piza kama mleta chakula. Wote wanajifanya hawamwoni, kila mtu kainamia kazi yake, mpaka mmoja anashindwa kujizuia wanaangua kicheko. Pale ndipo nilipowapenda, nikasema watoto wangu wataruka kwa furaha. Paroko aliuliza kama ni ya yule daktari wa kibanda cha bluu, nikamwambia ni ya ukoo huo. Sikumdanganya.

Na bado naona ile ya kwanza inawezekana. Pale kwa Suzie naziba lenzi kwa mkono.

Kimbunga
Piza hiyo mtu anaweza kuisoma popote. Ila hapo pa kuziba lenzi kwa mkono nimeyumba kidogo, mtunzi hawezi kubuni hilo.

Dada wa Makorora
Usizibe kitu. Hao watoto hawajaomba Torchwood, wameomba Kapteni Jack. Sivyo ulivyoandika mwenyewe? Basi waonyeshe alivyoingia. Doctor Who ya 2005, zile episodi mbili zinazofuatana za London ya 1941, mabomu ya Wajerumani yanaanguka, na mtoto mwenye kinyago cha gesi anazunguka usiku akimtafuta mama yake. Inatisha, usije ukasema sikukwambia, wakae karibu karibu. Lakini mwisho wake hafi hata mmoja, na daktari mwenyewe anapiga kelele za furaha kwa hilo. Jack yumo kuanzia ya kwanza ya hizo mbili. Hawa waliipenda Doctor Who kwa episodi zipi? Walishaona hizo?

Mkunazi
Hapana, niliwarukisha. Niliogopa kile kinyago. Lakini dada, tangazo limesema Torchwood kwa jina, na wazazi wamelipia hilo.

Fundi Antena
Basi ya tatu ndiyo hii. Doctor Who ya 2006, Uskoti ya mwaka 1879. Malkia Victoria analala kwenye jumba linaloitwa Torchwood, mbwa mtu analivamia, na asubuhi malkia anaapa kuanzisha taasisi ya kulinda nchi na mambo kama hayo. Inaitwa Torchwood kwa jina la jumba. Tangazo lako limesimama, unawaonyesha ilikozaliwa. Tatu kamili, kama ulivyopanga.

Angalizo moja tu: maadui wa mle ni watawa. Wanaruka na fimbo, wanapigana vibaya sana. Kamweleze paroko mapema.

Babu Redio
Watawa wenye fimbo, watoto watawashangilia watawa.

Mkunazi
Paroko nitamwona kesho baada ya misa ya asubuhi. Kusema kweli hii ya malkia imenikaa vizuri kuliko nilivyotarajia. Ile ya kwanza ya Torchwood nitaiweka kwa ajili ya walezi wenzangu, watu wazima, siku nyingine, maana naona bado ni kazi nzuri na sitaki kuitupa. Tatizo ni kwamba hizo mbili za 1941 sina, nilizifuta. Nipo Morogoro mjini, nani anazo karibu?

Kinyozi wa Msamvu
Mteja wangu mmoja ana DVD za mwaka huo wote, halisi, za dukani. Atakuazima ukimwachia kitambulisho. Pita saluni kesho jioni kabla ya saa kumi na mbili, halafu nifunge tuzitazame wote, mimi nimebaki nyuma kwenye uzi huu toka mwanzo.

Dada wa Makorora
Zote tatu, hadi mwisho, kabla ya Jumamosi. Umeme ukikatika mnasubiri urudi.

Mkunazi
Nakuja na betri ya pikipiki na kigeuza umeme. Kinyozi, runinga yako inakula wati ngapi?