Baba haoni upande wa kulia baada ya kiharusi: je, mazoezi yanasaidia?

Swali
Habari zenu. Baba yangu alipata kiharusi miezi miwili iliyopita na, ingawa mkono na usemi vimerejea vizuri, hadi sasa hugonga vizingiti vya milango kwa bega la kulia, na akisoma hupotelewa na neno linalofuata. Daktari wa macho amempima akasema macho yenyewe ni mazima, wala miwani mipya haitafaa kitu. Je, tungoje tu?

Jibu la kwanza
Pole kwa kuuguza. Daktari amesema kweli, kwani yanayoingia machoni hufasiriwa sehemu ya nyuma ya ubongo, na upande wa kushoto wa sehemu hiyo ukidhurika, mgonjwa hupoteza nusu ya kulia kwa macho yote mawili. Hata akifumba jicho moja, pengo hubaki palepale. Uoni unaorudi wenyewe hurudi zaidi katika miezi 3 ya mwanzo, na baada ya miezi 6 ni nadra kuongezeka sana, lakini hiyo si sababu ya kungoja. Afundishwe kupeleka macho kulia kwa makusudi, mbali kuliko anavyodhani inatosha, kabla ya kupiga hatua. Zoezi hilo halirudishi kilichopotea, bali humzoeza kukifidia. Wanaoahidi kurejesha uoni wote kwa programu ya kompyuta mimi siwaamini.

Jibu la pili
Naomba kuuliza: je, mzee anajua kwamba haoni upande huo? Wapo ambao ubongo wao huupuuza upande mzima, wakaacha nusu ya chakula sahanini au kunyoa nusu ya ndevu bila kuona kasoro yoyote. Hali hiyo hutokea zaidi kwa upande wa kushoto, na kumwambia mgonjwa tu "geuka" hakutoshi; huhitaji mtaalamu wa urekebishaji. Kuhusu kusoma, yapo mazoezi ya maandishi yanayotembea kwenye skrini kutoka kulia kwenda kushoto, ambayo huwasaidia waliopoteza upande wa kulia.

Muuliza swali
Ahsanteni. Anajua, na hugeuka akikumbushwa. Sasa anadai funguo za gari.

Jibu la kwanza
Msimpe. Kwanza apimwe uga wa kuona, yaani eneo lote analoliona akitazama mbele bila kusogeza macho, na daktari ndiye aamue kwa kufuata sheria ya udereva.